Gando Lisilo na Sauti

Bibi yangu alikuwa akibangua korosho barazani kwake Mikindani, vidole vimejaa majivu ili utomvu usimchome, nilipomuuliza swali la kitoto. Asubuhi ile tulikuwa tumesikiliza kwaya. Nilitaka kujua kwa nini mwalimu wa kwaya, mtu pekee pale mbele ambaye hakuimba hata neno moja, ndiye aliyepewa mkono na kila mtu mwishoni. Bibi akapuliza maganda yaliyomwangukia kwenye kanga, akasema jibu liko mlangoni mwa Ruvuma, na aliyelijua ni Kaa. Nimeibeba hekaya hiyo miaka mingi. Yale niliyojifunza baadaye nimeyaingiza ndani yake pale yalipopata nafasi.

Mto Ruvuma unapoingia baharini, kusini kabisa mwa pwani yetu, maji hayana mwenyewe. Upande huu Tanzania, upande ule Msumbiji, na katikati kuna mchanga unaohama kila masika. Mto unashusha tope, bahari inalirudisha. Juu ya tope hilo imesimama mikoko, michu, misinzi na mikandaa, na maji yakipwa, mbele yake unafunguka uwanja mpana wa tope linalong'aa. Eneo hilo lote, kuanzia huko hadi Msimbati na Ghuba ya Mnazi, ni hifadhi ya bahari tangu mwaka 2000. Hekaya yetu ni ya zamani kuliko hapo.

Maji ya pwani hii yana saa yake. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, huja bamvua: maji hujaa hadi yakafika kwenye mashina ya ndani kabisa ya mikoko, kisha hupwa hadi ukaweza kutembea mahali palipopita mashua. Siku hizo maji makuu hufika karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri, na wavuvi wa Msimbati hawahitaji kuambiwa. Kaa majike nao hawahitaji. Hubeba mayai chini ya tumbo, na usiku wa bamvua, maji yanapogeuka tu na kuanza kutoka, huyatikisa yapasuke, na watoto wadogo mno huchukuliwa na mkondo hadi bahari kuu, mbali na midomo ya samaki wa mikokoni. Jike akichelewa, mkondo hauna nguvu tena na watoto wake huliwa. Akienda peke yake, huliwa vilevile. Kupona kwao ni kutoka wote kwa mara moja, gizani, samaki washibe na bado watoto wabaki wengi.

Ndiyo sababu palikuwa na ngoma. Iliitwa ngoma ya kusindikiza, na ilianza maji yakiwa yamepwa, kama saa nne usiku, ikaenda ikipanda pamoja na maji hadi alfajiri. Kiboko alikuwa bwawani kwake juu ya mto, akitoa ile sauti unayoisikia kifuani kabla hujaisikia masikioni. Chewa alivumisha koo lake mlangoni mwa pango la mwamba. Pweza alikuwa na magamba ya chaza na mikono minane ya kuyapigia. Yule kamba mdogo anayefyatua gando lake chini ya maji alilia ta! ta! kama kuni mbichi motoni. Nchi kavu walikuwapo vyura wa mabondeni, nyenje juu ya michu, Mdiria na filimbi yake fupi, na Furukombe aliyekaa juu kuliko wote, akingoja mwisho ili atoe ukelele mmoja tu. Ukelele huo ulikuwa na maana moja kwa akina mama: sasa.

Mkulungwa wa ngoma alikuwa Mamba. Alipiga mkia kwenye tope, na wote wakafuata. Hapakuwa na aliyependa mapigo yake, ila meno yake yalikuwa wazi mbele ya kila mtu.

Kaa tunayemsema alizaliwa usiku ambao ngoma ilivurugika. Mamba alikuwa amesinzia, vyura wakaenda zao, nyenje wakaenda zao, akina mama wakatikisa mayai mmoja leo mmoja kesho. Katika maelfu ya ndugu zake, waliorudi ni wachache mno. Alitua topeni akiwa mdogo kama punje ya mtama, akachimba shimo lake chini ya mkoko, akakua.

Dume wa jamii yake ana gando moja dogo la kuokotea chakula na moja kubwa mno, zito kiasi kwamba kiumbe mwenyewe anaonekana kama ameazima mkono wa mtu mwingine. Hilo kubwa hulipunga. Maji yakipwa, kutwa nzima, utaona uwanja mzima wa tope ukipunga: juu, nje, chini, kama watu wanaomwita aliye ng'ambo. Wanaita wachumba. Na wakiwa wengi karibu na jike mmoja hujikuta wanapunga kwa pamoja, kwa sababu kila dume anataka gando lake liwe la kwanza kuonekana. Likumbukeni hilo, litarudi.

Kwenye ngoma Kaa alipewa kazi ya mwisho kabisa, ya kugonga ardhi pembeni. Aliyempeleka ni mjomba wake, maana kule kwetu mtoto ni wa mjomba.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Umeikariri sehemu yako?"

"Nimeikariri. Na ya Chewa. Na ya Pweza pia, ile ya mkono wa saba."

"Ya Chewa itakusaidia nini wewe?"

Kaa hakuwa na jibu. Alikuwa ameikariri kwa sababu shimo lake lilikuwa chini ya kila kitu, na sauti zote za mlango wa mto ziliteremka kwenye tope hadi kwenye miguu yake minane. Alijua ni chura yupi aliyekuwa na kikohozi. Alijua kwamba Mdiria huvuta pumzi mara mbili kabla ya kuingia akiwa na hofu, mara moja akiwa ameshiba.

Kila mwezi wa tisa alikuja Sululu, yule ndege wa mdomo mrefu uliopinda, kutoka kaskazini ya dunia anakozalia. Sululu alikaa mikokoni hadi mwezi wa nne, na alikuwa na habari za kila bandari. Ndiye aliyemhadithia Kaa habari za kijana mmoja wa Italia, Arturo Toscanini, mpiga selo wa miaka 19 aliyekwenda Rio de Janeiro mwaka 1886 na kundi la opera. Siku ya kupigwa Aida, kazi ya Verdi, mwongozaji alikuwa amejitoa, na aliyesimama badala yake akazomewa na ukumbi hadi akashuka. Wenzake wakamsukuma yule kijana mbele kwa sababu walijua ameishika kazi nzima. Akafunga kitabu cha nota, akaiongoza kwa kichwa tangu mwanzo hadi mwisho. Macho yake yalikuwa mabovu, akaona heri akariri kuliko kuinamia karatasi.

"Kwa hiyo alikuwa anajua sehemu za wenzake," Kaa akasema.

"Zote," akasema Sululu, akachomoa mnyoo topeni, akala.

Masika iliyofuata ilikuwa kubwa. Ruvuma ilishuka na magogo, na Mamba akachukuliwa na maji. Bamvua ikakaribia bila mkulungwa. Wanyama wakakutana. Wengine walimtaka Kiboko kwa sababu ya ukubwa wake. Wengine walimtaka Furukombe kwa sababu hakuna mwenye sauti kama yake. Usiku ukaenda wakipimana vifua. Bibi Nguva, aliyekuwa mkongwe kuliko wote na asiyesema sana, akainua pua yake majini, akauliza nani kati yao anaijua sehemu ya jirani yake. Pakawa kimya. Mjomba akamsukuma Kaa kwa kisigino.

Walicheka, na si ajabu. Kiumbe wa upana wa vidole viwili, asiye na sauti, awaongoze wenye sauti? Kaa akapanda juu ya mzizi wa mkoko, akainua gando, akalishikilia juu. Mdiria aliyekuwa karibu akajikuta amevuta pumzi. Chura wa pembeni akavuta. Na Kaa alipolishusha, waliingia pamoja kama mlango uliofunguliwa na mkono mmoja. Usiku ule watoto wengi walipita salama kwenda bahari kuu.

Ningependa kuipita haraka sehemu inayofuata, maana bibi alipofika hapa alikuwa akiacha kubangua na kutazama baharini. Lakini bila hiyo hatuna hekaya.

Kaa alipata jina. Wanyama wa Msumbiji walivuka kuja kumwona. Akajengewa kiti juu ya mkoko mrefu kuliko yote, na akazungukwa na wasaidizi waliojipa vyeo kama vile watu wa pwani walivyojipa enzi za ngoma ya beni, Marini na Arinoti wakishindana, huku kuna Kingi na Jenerali, kila mmoja na mavazi yake. Beni ilikuwa furaha ya watu na mimi naiheshimu. Watu waliotawaliwa walijivika enzi yao wenyewe, wakapendeza. Kwa Kaa vyeo vilifanya kazi nyingine: viliweka umbali. Hakushuka tena shimoni. Alisikia ngoma kutoka juu tu, mahali ambapo nyenje ni wakubwa na Chewa ni mnong'ono.

Na alianza kufinya. Gando lile zito halikuwa la kupunga tu, lilikuwa silaha, na chura aliyechelewa alilijua. Kiboko ndiye aliyeumia zaidi, maana Kaa aliamini kwamba mzee yule huchelewa mapigo kwa makusudi. Kila ngoma Kiboko alichelewa, kila ngoma msaidizi alitumwa pamoja na kaa kumi wenye magando kumfinya pua.

Sululu alimwonya. Alimwambia habari za Jean-Baptiste Lully, mkuu wa muziki wa Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa, aliyekuwa akiwapigia wanamuziki mapigo kwa kugonga fimbo ndefu sakafuni. Januari 1687, kwenye Te Deum ya kumshukuru Mungu kwa kupona kwa mfalme, aligonga kwa nguvu, ikampata mguuni. Kidonda kikaoza, na mwezi Machi akafa. Kaa alisikiliza akasema Wafaransa wana miguu laini.

Ngoma ilinyooka. Hilo lazima nilikiri, ilinyooka kuliko ilivyowahi kunyooka. Lakini akina mama walianza kuambiana kwamba haiwashiki tena tumboni. Walicheza wakitazama juu, kwa woga, na mwenye woga huibana pumzi.

Halafu ukaja usiku wa mwezi mpevu ambao wageni walijaa pande zote mbili za mto. Kaa alikuwa ametunga mwisho mpya, mrefu, mzuri kweli, wa kupanda kidogo kidogo hadi kwa Furukombe. Saa kumi ikafika. Maji yakasimama. Katika mzizi wa mkoko, pale maji yalipogusa, alikuwapo Tondo, konokono wa mikokoni, ambaye maisha yake yote ni kupanda na kushuka na maji, na aliona maji yamegeuka. Chewa aliona. Pweza aliona, mkondo ulikuwa ukimvuta mikono. Kila aliyekuwa majini alijua. Hakuna aliyethubutu kusema, kwa sababu Kaa alikuwa amefumba macho na gando liko juu, na mwisho wake mzuri ulikuwa bado haujafika. Furukombe alingoja ishara. Akina mama walimngoja Furukombe. Maji yalikuwa yakitoka, yakitoka.

Ishara ilipokuja kulikuwa kunapambazuka. Mkondo ulikuwa umetangulia. Watoto walibaki mikokoni wakielea kama vumbi kwenye mwanga, na samaki waliamka.

Wageni walipiga makofi. Akina mama walitoka majini bila kusema neno. Mjomba wake alimtazama kwa mbali, akaingia shimoni kwake, akaziba mlango kwa tope.

Mwezi wa nne kusi ikaanza kuvuma. Sululu alikuwa akila mchana na usiku, maana safari ya kurudi kaskazini ni ndefu na hana pa kusimama palipo na chakula kwa siku nyingi. Alikuwa na njaa ambayo wewe na mimi hatuijui. Kaa alikuwa akitembea uwanjani peke yake, hakuna aliyemsalimu, hakutazama juu. Mdomo ulimshika kwenye gando. Akafanya kile ambacho kaa wote wanaweza kufanya: akaliachia. Liling'oka kwenye kiungo, akabaki hai. Sululu alilimeza gando lile zito, akaruka. Bibi hakuwahi kumlaumu Sululu, na mimi nilimlaumu miaka mingi, hadi nilipokuwa mtu mzima.

Kaa akarudi shimoni. Alikaa huko miezi mingi. Akajivua gamba, na chini ya gamba jipya lilikuwa limechipua gando dogo, laini. Akajivua tena, likakua. Hatimaye lilifikia urefu wa lile la kwanza, lakini lilikuwa jepesi, jembamba, jeupe, bila zile nguvu za kufinya. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kaa wa aina yake: gando linaloota upya huwa refu na zuri kwa kupunga, na kwenye ugomvi halina kitu. Mwenzake akimjia kwa nguvu, atashindwa.

Huko shimoni hakuwa na kazi ila kusikiliza. Ngoma zilipigwa bila kiongozi. Kiboko aliongoza kidogo, akachoka kulaumiwa, akaacha. Na usiku mmoja, maji yakiwa nusu ya shimo, miguu ya Kaa ndani ya maji na macho yake yale yenye vijiti yakiwa nje, Kiboko aliguna kule juu ya mto. Kaa aliisikia miguuni. Akahesabu moja, mbili, tatu. Sauti ileile ikafika tena, hewani.

Kiboko aliguna mara moja. Sauti ilikuwa imefika mara mbili.

Nilikuja kulielewa hili shuleni, na nilifurahi kama mtu aliyekuta barua ya bibi yake kwenye kitabu. Sauti ndani ya maji husafiri karibu mita 1,500 kwa sekunde, hewani kama mita 340 tu. Na Kiboko akiwa nusu majini hulia pande zote mbili kwa wakati mmoja, chini kupitia mwili wake na juu kupitia pua. Kutoka bwawa lake hadi mikokoni tuseme ni kilomita moja na nusu. Sauti yake humfikia Chewa kwa sekunde moja. Humfikia chura aliye juu ya tope baada ya sekunde zaidi ya nne. Kwa hiyo miaka yote ile walio majini walisema Kiboko anawahi, walio nchi kavu wakasema anachelewa, na kila mmoja alisema kweli kwa pale alipokaa. Mzee wa watu alikuwa amefinywa pua kwa sababu ya maji.

Kaa akatembea usiku kucha kumfuata.

"Shikamoo Mzee Kiboko."

"Marahaba. Umekuja kunifinya tena? Wenzio wako wapi?"

"Nimekuja peke yangu. Nataka uniambie, huwa unaanza lini?"

Kiboko alikaa kimya muda mrefu. "Ninaposikia Pweza ameanza. Sijachelewa kwa makusudi hata siku moja. Niliwaambia wasaidizi wako, lakini walikuwa hawajatumwa kusikia."

"Nakuamini, mzee wangu. Nisamehe."

Kiboko alizamisha kichwa, akakitoa. "Basi nifanye nini?"

Hilo lilikuwa swali gumu, na Kaa hakuwa na jibu. Kama kila mmoja anaanza anapomsikia mwenzake, na sauti hufika kwa nyakati tofauti, basi hawataungana kamwe hata wakipendana vipi. Kinatakiwa kitu kinachofika kwa wote kwa mara moja. Sauti haiwezi. Jicho linaweza. Katika okestra kubwa za watu, wapiga tarumbeta na ngoma wanaoketi nyuma hufundishwa kuufuata mkono wanaouona, maana wakingoja kuwasikia walio mbele, msikilizaji atawasikia wamechelewa. Hapo ndipo bibi aliponitazama na kuniambia, mwalimu wako wa kwaya hakuimba kwa sababu hiyo.

Lakini gando la kaa mmoja haliwezi kuonekana kilomita moja na nusu.

Katika siku zile alipita Kijumbamshale akitoka Kongo, mchovu, akaongea kama waongeavyo wasafiri. Alisema Kinshasa kuna rubani aliyepoteza kazi, Armand Diangienda, mjukuu wa nabii Simon Kimbangu, aliyeanzisha okestra mwaka 1994 bila kuwa amesoma uongozaji popote. Vyombo vya kupiga vilikuwa vichache kuliko watu. Mmoja akifanya mazoezi ya fidla, mwingine alingoja pembeni, kisha anampokea. Uzi ukikatika walifunga waya wa breki ya baiskeli. Umeme ulizimika katikati ya mazoezi. Wakapiga Beethoven hivyohivyo.

"Na huyo Diangienda alianzaje, kama hakuwa na vyombo?" Kaa akauliza.

"Aliita watu," akasema Kijumbamshale.

Kaa akaenda kwa mjomba wake. Mlango ulikuwa umezibwa. Akagonga ardhi, yale mapigo ya utotoni aliyopewa pembeni mwa ngoma. Akagonga hadi tope likatikisika kutoka ndani.

"Shikamoo mjomba."

"..."

"Mjomba, ninaomba madume wote. Ukoo mzima. Siwezi peke yangu."

"Watakufuata kwa nini? Huna hata gando la kuwafinyia."

"Hawatanifuata mimi. Watashindana kuwa wa kwanza, kama kawaida yao. Mimi nitaanza tu."

Mjomba alicheka, mara ya kwanza tangu usiku ule. Akaitikia salamu.

Mazoezi yalichukua mwezi mzima, kutoka bamvua hadi bamvua ya pili yake, na hapa bibi alikuwa akisimulia polepole hadi korosho zote zikaisha. Kaa alishuka kwa kila mmoja mahali alipoishi. Kwa Chewa alikaa mwambani maji yakiwa mafu, akamwomba avumishe nusu ya nguvu, na Chewa, aliyekuwa amezoea kuambiwa azidishe, alishtuka kusikia koo lake lina sauti ya chini aliyokuwa haijui. Kwa vyura hakusema neno kuhusu mapigo. Aliwafundisha kupumua. Aliinua gando, wakavuta. Akalishusha, wakatoa. Hakuna wimbo, pumzi tu, siku tatu mfululizo, hadi yule chura mwenye kikohozi akaacha kukohoa. Mdiria alimwambia: vuta mara moja. Pweza alilalamika kwamba mkono wa saba hauna kazi ya maana. Kaa akamtolea sehemu yake kwa kichwa, ya mkono wa saba tangu mwanzo hadi mwisho, akamwonyesha mahali pawili ambapo bila huo vyura wangepotea. Pweza aligeuka rangi.

Akina mama hakuthubutu kuwafuata. Bibi Nguva ndiye aliyekwenda. Alichowaambia bibi yangu hakukijua.

Usiku ukafika. Mwezi ulipanda kutoka Bahari ya Hindi mkubwa na mwekundu, ukawa mweupe. Saa nne, maji yamepwa, uwanja wa tope ukiwa wazi kutoka mlango wa mto hadi bwawa la Kiboko, madume wote walitoka mashimoni. Kaa alisimama kwenye mzizi wa chini, si kwenye kile kiti. Akainua gando lake jepesi, jeupe. Jirani yake, asitake kushindwa, akainua la kwake. Wa tatu akainua. Na kwa sababu kila mmoja aligombea kuwa wa kwanza, ukingo mzima wa Ruvuma uliinuka kwa mara moja, mstari mmoja mweupe kwenye mbalamwezi, na Kiboko kule bwawani akauona.

Wakashuka pamoja. Ngoma ikaanza.

Nimewahi kusimama ukingoni pale usiku wa bamvua. Vyura, nyenje, yale mapasuko madogo ya kamba chini ya maji, mguno mmoja kutoka mbali. Sijui niseme nini zaidi ya kwamba nilisahau miguu yangu iko wapi.

Maji yalipanda. Madume walipanda nayo kwenye mizizi, magando yakipunga. Saa tisa na nusu uwanja wote ulikuwa umefunikwa. Akina mama walikuwa wamekuja, kimya, wamejipanga kwenye ukingo wa maji. Ngoma ikateremka, ikateremka, ikawa Mdiria na nyenje wachache, kisha Kaa akainua gando na kulishikilia. Kimya. Maji yalikuwa yamesimama. Macho yake hayakuwa kwa wageni wala kwa Furukombe. Alimtazama Tondo.

Tondo alikaa palepale, unyayo wake umegusa maji. Gando likaendelea kukaa juu. Wengine wangeona ni muda mrefu mno. Chura mmoja alitetemeka. Hakuna aliyetoa pumzi.

Tondo akageuka, akaanza kushuka.

Gando likashuka, Furukombe akalia, akina mama wakaingia majini wote.

Korosho zilikuwa zimekwisha. Nilimuuliza bibi kama walimpa Kaa mkono. Akanawa majivu vidoleni, akasema asubuhi ile maji yalipopwa Kiboko aliteremka mwenyewe hadi pwani kumtafuta, akakuta mashimo maelfu kwenye tope, yote yamefanana.